Chafya Kumi Uwanjani



Shukrani zote njema anastahiki Mwenyezi Mungu, na rehema na amani zimshukie Mtume wetu Muhammad, jamaa zake na sahaba zake. Ama baad.

Wapenzi wasomaji, juma lililopita niliahidi kuendelea na maudhui ya haki za jirani. Naomba radhi, nayaahirisha. Limenifika jambo lisiloweza kungoja kwa sababu lina deni ndani yake, na mdai wangu ni mtoto wa miaka 12.

Kila Jumamosi baada ya sala ya alasiri wanafunzi wa madrasa yetu hutoka kwenda uwanjani. Hii ni ada niliyoikuta na nikaidumisha, kwani mtoto aliyeinamia juzuu wiki nzima anahitaji kunyoosha miguu. Mwaka huu, masika yalipokwisha na nyasi zikasimama mpaka magotini kandokando ya uwanja, niliwaamuru waukimbie mara tano kabla ya kupewa mpira. Mmoja wao alianza kubaki nyuma katika mzunguko wa pili. Alikuwa anapiga chafya tangu tulipofika. Ya kwanza akahimidi, wenzake wakamwitikia yarhamukallah. Ya pili wakamwitikia, na ya tatu vilevile. Ilipofika ya kumi walikuwa wakicheka.

Adabu ya kumwombea mwenye chafya inajulikana na watoto wetu wote, na wanajua kwamba ikizidi mara tatu hapana lazima tena ya kuitikia. Lakini wanavyuoni hawakuishia hapo. Wamesema kuwa mtu huyo ana maradhi ya mafua, basi na aombewe afya. Watoto waliishika nusu ya kwanza ya hukumu, nusu ya pili wakaiacha. Nami mwalimu wao niliiacha pamoja nao. Nilimwona amesimama ameshika magoti, nikampigia kelele kwamba huo ni uvivu, na nikamtolea hadithi ya Muumini mwenye nguvu, huku nikiisahau sehemu yake inayowapa kheri wote wawili, mwenye nguvu na mnyonge.

Mtoto akatii. Katika mzunguko wa nne alikaa chini. Nilipomkaribia nilisikia kifua chake kikitoa sauti nyembamba, mfano wa mlango wenye bawaba kavu, na maneno yakawa yanamtoka mojamoja. Mama yake aliletwa mbio. Alikuja na inhela mkobani, akamvutisha, na baada ya dakika kadhaa, kwa uwezo wa Mola, pumzi zikamrudi.

"Sheikh," aliniambia mama yule, "kila mwaka wakati huu ndivyo anavyokuwa. Huanza na chafya, kisha macho, kisha kifua. Baba yake amesema mpira basi, na inhela nisimpe akae nayo, asije akaizoea."

Kumbe mtoto alikuwa baina ya wazee wawili waliokosea, mmoja akisema kimbia, wa pili akisema usitoke. Baba yake nilikwenda kumwona usiku uleule. Sikumkuta mtu mkaidi. Nilimkuta mtu aliyeogopa: kaka yake alifariki kwa pumu wakiwa watoto, usiku, kitandani, na yeye alilala chumba hichohicho. Kwa hivyo niyaandikayo hapa nayaandika kwanza kwa ajili ya nyumba ile, kisha kwa kila mwenye nyumba mfano wake. Mimi si tabibu. Yanayohusu dawa nimeyapitisha kwa daktari wa jamaa ya msikiti wetu, akasahihisha alipoona pana haja.

Tuanze na maradhi yenyewe. Maua ya mimea hutoa unga laini uitwao chavua, ambao kwao mimea huzaana. Mimea mingine, kama mwembe, huwaachia nzi na nyuki kazi ya kuubeba. Mingine huutegemea upepo, na hiyo ndiyo inayotusumbua, kwani upepo haujui kuchagua: huutia unga huo mauani na mapuani pia. Wengi wetu tunauvuta bila ya kuhisi chochote. Lakini mwenye mzio, au aleji kama tuitavyo mitaani, mwili wake umemdhania mgeni asiye na silaha kuwa ni adui. Chembe za chavua zikigusa utando wa pua, mwili humwaga kemikali iitwayo histamini, na hiyo ndiyo iletayo mwasho, machozi, chafya za mfululizo na makamasi mepesi kama maji.

Mafua ya kuambukizwa aghalabu hayapiti juma moja au mawili, na huja na maumivu ya mwili, pengine na homa, na makamasi yake huwa mazito. Haya ya mzio hayana homa. Huwasha macho na kaakaa, hukaa wiki kadhaa, na mwaka wa pili hurudi wakati uleule kana kwamba yameandikwa katika kalenda. Mzazi akiona hivyo asiseme tena "mafua tu".

Wala hili si jambo lililozuliwa na hospitali za kisasa. Tabibu wa mji wa Rayy, Abu Bakr Muhammad bin Zakariya ar-Razi, aliyefariki yapata mwaka 313 wa Hijria, sawa na 925 Miladia, aliandika risala kueleza kwa nini Abu Zayd al-Balkhi hupatwa na mafua kila waridi zinapochanua. Huyo al-Balkhi naye hakuwa mtu wa mtaani. Alikuwa mwanachuoni aliyetunga kitabu juu ya maslahi ya miili na ya nafsi, na juu ya elimu yake yote hiyo pua ilimtiririka kila msimu. Hakuna aliyemwita mvivu. Rafiki zetu wa Uingereza walikuja kulieleza kwa kirefu zaidi karne nyingi baadaye. John Bostock, tabibu wa London, aliyaeleza mbele ya wenzake mwaka 1819 maradhi yaliyokuwa yakimtesa yeye mwenyewe kila kiangazi, na Charles Blackley wa Manchester, naye mgonjwa, akathibitisha katika kitabu chake cha mwaka 1873 kuwa chanzo ni chavua. Alijijaribia mwilini mwake, na akawa anarusha tiara zenye vigae vya kunata ili ajue chavua inafika juu kiasi gani. Mtu mzima, tabibu, anarusha tiara. Nimeipenda habari hiyo.

Sisi wa Pwani hatuna majira ya waridi. Majira yetu ni kaskazi na kusi, masika na vuli, na mzio hufuata mvua. Nyasi hunywa maji ya masika, zikarefuka, na mvua zikipungua huanza kutoa mashuke. Yale mashuke yanayoacha vumbi mkononi unapoyapitisha vidoleni ndiyo mzigo wenyewe. Ukoka wa viwanjani, ule mfupi tunaoukanyaga na kuusifu, nao umo katika nyasi zijulikanazo duniani kwa kuleta mzio. Baada ya vuli jambo hujirudia, kwa kiasi kidogo zaidi.

Kisha kuna mvinje. Huu ni mti wa upepo, na upwa wetu umejaa mivinje. Pale Bamburi machimbo ya mawe ya saruji yaliyokuwa makavu yalifufuliwa kwa mivinje kuanzia mwaka 1971, kwa juhudi za René Haller, na leo watu wengi hupenda kutembea na kukimbia vivulini mwa miti hiyo. Ni neema. Lakini mvinje ukitoa maua yake membamba ya rangi ya kahawia, mwenye mzio anaweza kutoka mle macho mekundu asijue kilichompata. Walio Tana River wana mathenge wao, mti ulioletwa nchini kuzuia jangwa ukageuka kero kwa mambo mengi, na chavua yake imewasumbua watu hata Kuwait na Imarati. Ndugu zetu wanaofanya kazi huko huenda wameyaonja hayo bila ya kujua kwamba mti ni huohuo.

Na maua mazuri yenye rangi? Aghalabu hayana hatia. Chavua yake ni nzito, yenye kunata, haisafiri mbali. Ni kweli kwamba mtu akikaa chini ya mwembe uliochanua, au akalala uani chini ya mkorosho, anaweza kupiga chafya. Lakini wa nyumba ya tatu asiulaumu. Asumini na kikuba vikimkera mtu puani, mara nyingi ni harufu kali inayoudhi pua iliyokwisha kuwashwa. Moshi wa udi ni hivyohivyo, na hapa wake zetu waniwie radhi: nyumba yenye mtoto wa pumu haifai kufukizwa udi usiku na madirisha yamefungwa. Fukizeni mchana, mtoto akiwa nje, milango wazi.

Sasa, kwa nini mazoezi huzidisha? Mtu mzima aliyekaa barazani huvuta hewa kiasi cha lita 6 hadi 8 kwa dakika moja. Akikimbia kwa nguvu huweza kufikia lita 100 na kupita. Kwa hivyo chavua ambayo angeivuta kwa saa nzima huivuta kwa dakika chache. Tena anayekimbia huacha kutumia pua akafungua kinywa. Pua ni bawabu: huchuja, hulowesha na hutia joto hewa kabla haijashuka kifuani. Kinywa hakina bawabu. Na kama pua imekwisha kuziba kwa mzio, mtoto hana hiari illa kinywa. Wengi katika wenye pumu wana mzio wa pua pia, na anayeipuuza pua ameuacha mlango wa kifua wazi.

Je, jawabu ni kukaa ndani? Hili ndilo tulilojadiliana na baba yule mpaka chai ikapoa. Nilimwambia kwamba pumu iliyodhibitiwa haimkatazi mtu mazoezi. Mapafu na moyo wa mwenye pumu vinahitaji mazoezi kama vya mwingine, na mtoto anayezuiwa kukimbia hunenepa, hulegea, na siku akilazimika kukimbia huchoka upesi zaidi. Mtume wetu, rehema na amani zimshukie, alishindana mbio na Bi Aisha, naye ni kiigizo chetu. Na nikamwambia lile zito: kaka yako, Mungu amrehemu, hakufa akikimbia. Alikufa amelala. Kilichomkosekana si kukaa ndani. Alinyamaza muda mrefu, nami sikuongeza neno.

Kinachotakiwa ni kuujua wakati. Nyasi nyingi hufungua maua asubuhi. Umande ukiwa bado mbichi chavua haipeperuki sana. Jua likipanda na umande ukakauka, ndipo hewa inapojaa. Basi anayetembea mara tu baada ya sala ya alfajiri, akawa amerudi nyumbani kabla ya saa mbili asubuhi, ameepuka mengi. Kutoka hapo mpaka adhuhuri, siku kavu yenye upepo, mwenye mzio asiende kwenye nyasi ndefu. Siku uwanja unapofyekwa, asifike kabisa.

Baada ya mvua ya taratibu hewa huwa imeoshwa, na huo ni wakati mwema wa kutoka. Lakini mvua ya radi ni nyingine. Upepo wake na unyevu wake hupasua chembe za chavua zikawa vipande vidogo mno, vinavyoweza kushuka mpaka ndani ya mapafu. Mjini Melbourne, Australia, jioni ya tarehe 21 Novemba 2016, radi ya namna hiyo ilipita katika msimu wa nyasi, maelfu ya watu wakakimbilia hospitali na 10 wakafariki. Sisemi haya kuwatisha. Nasema wingu la radi likionekana, mwenye pumu aingie ndani na madirisha yafungwe, naye asione haya mbele ya wenzake.

Kuna na mahali. Sisi tumepewa bahari. Upepo unaotoka baharini haujapita juu ya nyasi, kwa hivyo kutembea mchangani maji yakiwa yamekupwa, au kandokando ya bahari kama kule Mama Ngina, kuna afueni kuliko uwanja uliozungukwa na majani. Alfajiri, aghalabu, upepo hutoka bara ukielekea baharini. Alasiri matbua hugeuka. Mwenye kumchunga mtoto wake atayaona haya mwenyewe akiwa na daftari dogo: tarehe, mahali, upepo, chafya ngapi, kifua kilikuwaje. Miezi mitatu ya daftari kama hilo humfaa daktari kuliko maelezo yetu ya "huwa anaumwa umwa".

Akina mama wanaotembea na buibui na nikabu wana kinga kidogo wasiyoihesabu, kwani kitambaa puani hupunguza kinachoingia. Sharti kifuliwe. Nikabu iliyopita katika nyasi jana na ikavaliwa tena leo ni sawa na kuifunga chavua usoni. Wote kwa jumla, mkirudi, vueni nguo za mazoezi mlangoni, ogeni mpaka nywele, msijitupe kitandani na mto ukabeba kilichokuwa kichwani.

Nikaja kwenye jambo linalonifurahisha. Kila siku tunatia udhu, na katika udhu mna kupandisha maji puani na kuyapenga. Tumefundishwa tuzidishe katika kupandisha huko illa tukiwa na saumu. Ni ibada, na nia yake ni ibada. Lakini mwenye mzio akirudi uwanjani akatia udhu kwa utulivu, akapandisha na kupenga mara tatu, ameondoa sehemu ya kile kilichomganda utandoni. Wengi wetu tumeifanya sunna hii kuwa ni kulowesha ncha ya pua tu. Hata hivyo nina tahadhari. Wako wanaoosha pua kwa vyombo maalumu, wakiyasukuma maji mpaka juu kabisa. Hao watumie maji yaliyochemshwa yakapoa, yenye chumvi kidogo, wala si ya bomba au ya kisima hivihivi. Madaktari wa Karachi, Pakistani, wameripoti vifo vya watu waliopata kijidudu cha ubongo kupitia maji yasiyo salama yaliyopanda puani, hata kwa udhu. Ni nadra sana, lakini dawa yake ni sufuria na moto tu.

Kuhusu dawa, habbat sauda na asali tunaziamini, nami nyumbani kwangu hazikosekani. Lakini yule anayesema asali itamzoesha mtu chavua afikiri kidogo: nyuki huchuma kwenye maua, ilhali inayotusumbua ni ya nyasi na miti ya upepo. Kujitibu ni jambo tuliloamrishwa, na anayemnyima mtoto dawa ya daktari kwa hoja ya kutawakali amekata kamba ya ngamia kisha anamtegemea asipotee.

Piriton inajulikana kila duka. Hukausha makamasi, na hulaza. Anayeendesha tuktuk au bodaboda asiimeze kisha akashika usukani, na mtoto aliyeimeza asubuhi usimlaumu kwa kusinzia darasani. Nami nimewahi kuimeza kabla ya tarawehe, nikajua nafsi yangu. Ziko dawa za aina hiyo zisizolaza sana, kama setirizini, na iko ya kupulizia puani yenye steroidi, ambayo madaktari huipendelea kwa mwenye taabu ya kila msimu. Hiyo haifanyi kazi yake yote kwa siku moja. Huhitaji siku kadhaa, pengine wiki mbili, kwa hivyo huanzwa kabla nyasi hazijatoa mashuke na kutumiwa kila siku. Steroidi hizo si zile za watunisha misuli.

Na inhela. Hapa ndipo penye fitina kubwa. Watu wanasema inazoesha, inaharibu moyo, ni ya waliokwisha kukata tamaa. Mwenye kuvaa miwani hasemwi kuwa ameizoea miwani. Ziko za aina mbili, na kuzichanganya ndiko kunakoua. Ile ya buluu kwa kawaida ni ya kufungua kifua kilichobana, na daktari anaweza kuagiza ivutwe dakika chache kabla ya mazoezi. Nyingine, mara nyingi ya kahawia, ni ya kinga: hupoza uvimbe wa ndani, na huvutwa kila siku hata mtu akiwa mzima. Watu huiacha hii ya pili kwa sababu hawaoni faida yake papo hapo, wakategemea buluu peke yake. Tangu mwaka 2019 mwongozo wa kimataifa wa pumu umeacha kupendekeza buluu peke yake kwa watu wazima na vijana waliobaleghe. Mtoto anayeivuta buluu kila siku arudishwe kwa daktari.

Kwa mtoto mdogo asiyeweza kuvuta na kubonyeza kwa pamoja, huwekwa chombo katikati kiitwacho spesa. Kikikosekana au bei ikishinda, chukueni chupa tupu ya plastiki ya mililita 500, itobolewe kitako kwa umbo la mdomo wa inhela, izibwe pembeni kwa gundi hewa isivuje, mtoto apumue kwenye mdomo wa chupa. Madaktari wa Cape Town waliijaribu chupa hiyo kwa watoto waliobanwa na pumu, wakachapisha mwaka 1999 kwamba ilifanya kazi sawa na spesa ya dukani. Daktari wetu anazo mbili za kuonyesha.

Kabla ya mpira, mwili upashwe moto taratibu, dakika kumi au kumi na tano za kutembea na kukimbia kidogo kidogo, wala si mizunguko mitano kwa amri ya mzee aliyekaa kivulini. Kifua cha mwenye pumu huweza kubana hata baada ya kusimama, kwa hivyo asiachwe peke yake mara mchezo unapokwisha. Akibanwa, akalishwe wima, asilazwe, apewe ya buluu kama alivyoagizwa. Ikiwa hawezi kumaliza sentensi, midomo imegeuka rangi, nyama za baina ya mbavu zinavutwa ndani, au dawa haikusaidia, ni hospitali saa hiyohiyo. Hapana kusubiri magharibi, hapana kutafuta wa kumsomea kwanza. Someni njiani.

Nimeulizwa pia kuhusu Ramadhani. Wanavyuoni wa zama zetu wamekhitilafiana. Wengi wa Mashafii, na ndio madhehebu yetu, wanaona inhela inafunguza, kwa kuwa ni kitu chenye mwili kinachofika ndani kwa njia iliyo wazi. Wengine, akiwemo Sheikh Ibn Uthaymin wa Saudia aliyefariki mwaka 2001, wameona haifunguzi. Ile ya kinga aghalabu hupangwa wakati wa daku na futari, basi hapo hapana mgogoro, na mazoezi yaahirishwe mpaka usiku. Ama aliyebanwa mchana, sitaki kusikia kwamba mtu amekaa anatafuta kauli yenye nguvu zaidi. Avute kwanza. Mgonjwa ameruhusiwa kufungua na kulipa siku nyingine, na hilo halina khitilafu. Suala la kulipa tutakaa nalo akishapumua.

Siku ya pili nilirudi kwa mtoto mwenyewe. Nilimwambia mbele ya wenzake, kwa kuwa nilimkosea mbele ya wenzake, kwamba hakuwa mvivu, na kwamba mimi ndiye niliyekuwa mjinga wa maradhi yake. Aliona haya, akatazama mkeka. Kisha akaniuliza kama kuna mkimbiaji wa kweli anayetumia inhela. Nikamtajia Paula Radcliffe wa Uingereza, mwenye pumu, aliyekimbia marathoni ya London mwaka 2003 kwa saa 2, dakika 15 na sekunde 25, rekodi iliyokaa miaka 16 mpaka Mkenya mwenzetu Brigid Kosgei alipoivunja Chicago. "Kwa hivyo Mkenya ndiye aliyemshinda," akasema, "si pumu." Sikuwa na la kumjibu.

Baba yake amekubali kwa masharti, nami nimeyapokea. Mtoto ameonwa na daktari na ameanza dawa ya kinga. Mchezo umehamishiwa mchangani mpaka nyasi za uwanjani zifyekwe. Inhela ya buluu anakaa nayo mwenyewe mfukoni, na ya akiba imo katika sanduku la madrasa pamoja na karatasi ya maelekezo.

Ninawaomba wazazi wote wa wanafunzi wetu, wa kiume na wa kike, walete kabla ya Jumamosi hii jina la kila mtoto mwenye pumu au mzio, jina la dawa yake, na namba ya simu itakayopokewa alasiri. Mpelekeeni ustadhi wa zamu, au mnipe mimi baada ya sala ya isha. Maudhui ya haki za jirani tutayarudia juma lijalo, inshaallah.

Wabillahi tawfiq. Wassalaam alaykum warahmatullahi wabarakatuh.